Usalama Kambini Kando ya Ziwa: Kujikinga na Mamba na Viboko, na Kumhudumia Aliyejeruhiwa

Utangulizi

Igoma ni kata ya Jiji la Mwanza iliyo kando ya barabara kuu iendayo Musoma. Ni mahali pa masoko, karakana na nyumba za kupanga, na apitaye hapo hawezi kudhani kwamba mamba ni habari ya watu wa Igoma. Hata hivyo, wapo wakazi wa kata hiyo ambao riziki yao imo ziwani. Mwezi unapofifia na usiku kuwa wa giza, vijana hufunga magodoro na sufuria zao, wakaenda kuvua dagaa na kulala majuma mawili au zaidi katika kambi za wavuvi, ambazo Kiswahili huziita dago. Huko hulala katika vibanda vya nyasi au chini ya maturubai, huoga ziwani, huteka maji ziwani, na huosha vyombo ziwani. Wakati huohuo mamba huwinda, na kiboko hutoka majini kwenda malishoni.

Katika nchi za baridi, kama vile Marekani na Kanada, walalao kambini milimani hufundishwa kujihadhari na dubu. Tanzania haina dubu wa mwituni, lakini fundisho kuu la huko lina maana huku pia: mnyama huja kambini kwa sababu kambi imemwita. Dubu huitwa na harufu ya chakula kilichoachwa wazi. Mamba huitwa na matumbo ya samaki yaliyotupwa mahali watu wanapoogea.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa zahanati na vituo vya afya vya mwambao, pamoja na wavuvi, wagonjwa na familia zao. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza:

1. kueleza ni wakati gani na mahali gani hatari ya mamba na kiboko huwa kubwa;
2. kupanga kambi na shughuli za majini kwa namna inayopunguza hatari hiyo;
3. kutoa huduma ya kwanza kwa majeruhi kabla ya kumfikisha kituoni;
4. kutambua makosa ya tiba yanayogharimu viungo na maisha;
5. kumwelekeza majeruhi au familia yake kuhusu taarifa na haki zao kisheria.

Kisa cha kufundishia

Kisa kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya mafunzo na hakimhusu mtu yeyote mahsusi. Hatua zake, hata hivyo, ni za namna ambayo wahudumu wa mwambao huweza kukutana nayo.

Kijana wa miaka 22, mkazi wa Igoma, alikuwa kambini ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Saa kumi na moja alfajiri aliinama kuosha sufuria mahali palepale ambapo jioni iliyotangulia wenzake walikuwa wamepasua samaki. Mamba alimkamata mkono wa kushoto chini ya kiwiko. Wenzake walimpiga mamba kwa makasia hata akamwachia. Damu ilikuwa nyingi. Walimfunga kamba nyembamba ya nyavu juu ya kiwiko, wakamwagia jeraha petroli, kisha wakasubiri mtumbwi wenye mashine, uliofika saa tatu. Walifika kituo cha kwanza cha tiba saa tano. Mhudumu aliikata kamba papo hapo, akaliosha jeraha juu juu, akalishona lote likafungika vizuri, akampa vidonge vya amoksilini na kumruhusu arudi nyumbani.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba hadi begani, ukitoa harufu mbaya, na kijana alikuwa na homa kali. Katika hospitali ya rufaa nyuzi zilifunguliwa, usaha ukamwagika, na misuli mingi ikaonekana imekufa. Alipona, lakini mkono ulikatwa chini ya kiwiko.

Msomaji na asome sehemu zinazofuata akiwa na swali moja moyoni: ni wapi mkono huu ungeweza kuokolewa? Jibu limo katika zaidi ya sehemu moja.

Kumfahamu mamba

Mamba wa Ziwa Victoria ni yule aitwaye mamba wa Nile. Dume aliyekomaa anaweza kufikia urefu wa meta 4 hadi 5. Damu yake hufuata joto la mazingira. Ndiyo maana mchana huonekana amelala juani juu ya mchanga au mwamba, kinywa wazi, kana kwamba hana haja na mtu. Asidanganyike mtu. Mamba hawindi kwa kukimbiza bali kwa kuvizia. Hutulia chini ya maji, macho na pua tu vikiwa juu, hujifunza njia na saa za windo lake, kisha hurukia ghafla karibu na ukingo wa maji. Hatari huongezeka kuanzia machweo, usiku kucha, hadi alfajiri.

Mambo matatu humfanya binadamu awe windo jepesi. La kwanza ni mazoea: mama anayeteka maji kila jioni saa ileile na mahali palepale humfundisha mamba ratiba yake. La pili ni kuinama: mtu aliyeinama majini huonekana mfupi kama mnyama anayekunywa. La tatu ni maficho: matete, mafunjo na magugu maji humsitiri mamba hata akawa hatua mbili kutoka kwa mtu bila kuonekana.

Mamba jike hutaga mayai katika mashimo ya mchanga ufukweni na kuyalinda kwa muda wa miezi mitatu hivi. Katika kipindi hicho anaweza kumshambulia mtu kwa ajili ya kulinda kiota, hata kama hana njaa. Mvuvi anayeona mchanga uliochimbuliwa na alama za mkia kando yake ahamishe kambi.

Kumfahamu kiboko

Kiboko hali nyama kwa desturi, na wengi humdhania kuwa mpole kwa sababu hiyo. Ukweli ni kwamba mnyama huyu mwenye uzito wa tani 1.5 na zaidi ni miongoni mwa wanyamapori wanaoua watu wengi barani Afrika. Chonge zake za chini hufikia urefu wa sentimeta 50, na nchi kavu anaweza kukimbia kasi ya kilometa 30 kwa saa, kasi ambayo watu wengi hawawezi kuishinda.

Mchana kiboko hukaa majini ili kuikinga ngozi yake na jua. Usiku hutoka kwenda kula majani, akifuata njia zake za siku zote, na hurudi majini kabla jua halijawa kali. Hushambulia kwa sababu tatu kubwa: mtu amesimama kati yake na maji, mtumbwi umemkaribia ghafla au umeingia katika eneo la dume, au ana ndama. Kiboko anayepanua kinywa kama anayepiga mwayo hapigi mwayo; anatoa onyo. Aonekanaye peke yake, mbali na kundi, aogopwe zaidi.

Kuchagua mahali pa kambi

Usalama wa kambi huamuliwa kabla ya turubai la kwanza kufungwa. Kanuni zifuatazo zizingatiwe:

Kwanza, mahali pa kulala pawe angalau meta 50 kutoka ukingo wa maji, na pawe palipoinuka. Kulala ndani ya mtumbwi uliofungwa ufukweni, au juu ya mchanga kando ya nyavu kwa kuhofia wezi, kumekuwa mazoea ya wengi. Ni heri zamu ya ulinzi yenye watu wawili na taa kuliko mlinzi mmoja aliyelala.

Pili, ardhi ikaguliwe mchana. Njia ya kiboko hutambulika kwa mifereji miwili iliyokanyagwa yenye nyasi katikati, na kwa kinyesi kilichotapanywa juu ya vichaka. Kibanda kisijengwe juu ya njia hiyo wala kando yake, hata kama inaonekana haijatumika siku nyingi.

Tatu, samaki wapasuliwe mahali pamoja palipotengwa, mbali na mahali pa kuteka maji na kuoga. Matumbo na magamba yafukiwe katika shimo refu mbali na maji. Kumwaga mabaki ziwani mbele ya kambi ni kumtegea mamba chambo na kukaa karibu nacho. Hapa ndipo kosa la kwanza la kisa chetu lilipotendeka, jioni moja kabla ya jeraha.

Nne, kambi iwe na choo upande wa nchi kavu. Anayekwenda haja usiku kwenye matete huweza kukutana na wanyama wote wawili. Tochi ni lazima: macho ya mamba hung'aa mekundu yanapomulikwa, na mwanga huweza kuonesha kiboko aliyesimama kimya gizani.

Kuteka maji, kuoga na kuosha vyombo

Kinga iliyo bora kuliko zote ni kutoingia ziwani. Kisima, bomba au tangi la maji ya mvua huondoa hatari ya mamba na, pamoja nayo, hatari ya kichocho, ugonjwa ambao hupenya kupitia ngozi ya anayeoga au kufua katika maji ya ziwa yenye konokono wanaoueneza. Kiongozi wa kijiji anayepigania kisima anapigania mambo mawili kwa mkupuo mmoja.

Pasipo na kisima, vizimba vya kuzuia mamba husaidia. Hivi ni uzio imara wa nondo na wavu, au wa magogo yaliyosimikwa karibu karibu, unaozunguka mahali pa kuteka maji. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, yaani TAWA, imehusika na ujenzi wa vizimba vya namna hiyo. Kizimba huhitaji kukaguliwa kila mara. Tundu moja hukifanya kuwa mtego kwa aliye ndani.

Pasipo na kisima wala kizimba, ndoo ifungwe kwenye mti mrefu au kamba ili mtekaji asimame mbali na ukingo. Mahali na saa za kuteka vibadilishwe. Watu waende wawili au zaidi, mmoja akiwa na kazi moja tu ya kuangalia maji. Maji ya kuoga na ya kuosha vyombo yatekwe mchana na kupelekwa kambini. Watoto wasitumwe ziwani kuanzia machweo.

Ndani ya mtumbwi

Mikono na miguu isining'inizwe nje ya mtumbwi. Samaki anayevuja damu asifungwe ubavuni mwa chombo. Kuvuta kokoro kwa kutembea majini ni kosa kisheria katika Ziwa Victoria, na ni hatari pia kwa mvutaji, kwa kuwa humweka majini kiunoni, pengine gizani.

Mtumbwi unaopita mahali penye viboko ugongwe ubavuni kwa kasia mara kwa mara ili viboko wajue ulipo. Usipite kati ya viboko na maji ya kina, kwa maana huko ndiko wanakokimbilia wanapoogopa. Kiboko akizama na mapovu yakaanza kuelekea kwenye chombo, kielekezwe nchi kavu bila kusubiri. Kila aliyemo avae jaketi la kuokolea. Mtumbwi ukipinduliwa na kiboko, kuzama maji kunaweza kuua hata pasipo jeraha la meno.

Mnyama akishambulia

Nchi kavu, anayefukuzwa na mamba akimbie moja kwa moja kuelekea mbali na maji. Ushauri wa kukimbia kwa kupinda pinda hauna msingi, na humchelewesha. Anayefukuzwa na kiboko asikimbilie majini. Apande mti, au ajifiche nyuma ya mti mkubwa, mwamba au kichuguu.

Aliyekwisha kukamatwa na mamba hana muda wa kufikiri, na hapana mbinu yenye hakika. Hata hivyo, wapo walioachiwa kwa sababu walipigana. Macho ndiyo sehemu laini zaidi: yachomwe kwa kidole, kisu au mpini. Majeruhi ashike kitu imara ili asivutwe kwenye kina. Wenzake wampige mamba kichwani kwa makasia kutoka nchi kavu au chomboni. Wasiingie majini, ili majeruhi wasiwe wawili.

Huduma ya kwanza

Majeruhi aondolewe ukingoni kwanza, kwa sababu mamba huweza kurudi. Baada ya hapo, hatua ni hizi:

1. Kuzuia damu. Kanga au shati safi likunjwe, liwekwe juu ya jeraha na kukandamizwa kwa nguvu kwa dakika 10 bila kufunuafunua. Kitambaa kikilowa, kingine kiwekwe juu yake.

2. Kufunga kiungo, pale tu ambapo damu ya mkono au mguu haizuiliki kwa kukandamiza. Kitambaa kiwe na upana wa sentimeta 4 au 5, kifungwe sentimeta 5 hadi 7 juu ya jeraha, pasiwe kwenye kiungio, kisha kikazwe kwa kijiti hadi damu ikome. Saa iandikwe kwenye paji la uso au kifuani mwa majeruhi. Kamba nyembamba haifai: huumiza mishipa ya fahamu, na mara nyingi huzuia damu inayorudi moyoni huku ikiiacha inayotoka moyoni ipite, hivyo kuvuja kukaongezeka.

3. Aliyezama na ambaye hapumui apewe pumzi 5 za kuanzia mdomo kwa mdomo, kisha mikandamizo 30 ya kifua kwa pumzi 2, kwa kasi ya mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika. Asining'inizwe kichwa chini wala asikandamizwe tumbo.

4. Jeraha lisilovuja sana lioshwe kwa maji safi mengi. Petroli, asidi ya betri, majivu, kahawa, samadi na dawa za kusaga zisitiwe. Vitu hivi huua nyama iliyo hai na kuongeza vimelea.

5. Mfupa uliovunjika utulizwe kwa kufungwa pamoja na kasia au ubao.

6. Kidole au kiungo kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu. Kambi nyingi zina barafu ya samaki. Kiungo kisiiguse barafu moja kwa moja.

7. Majeruhi afunikwe asipate baridi, asinyweshwe pombe, na safari ianze mara moja.

Kila kambi ijiandae kabla: mtumbwi mmoja wenye mafuta usioguswa, simu yenye chaji, na nambari za dharura zinazojulikana na wote, yaani 112 ya polisi na 114 ya zimamoto na uokoaji. Katika kisa chetu, saa nne zilipotea kwa kusubiri chombo.

Katika zahanati na kituo cha afya

Sehemu hii inawahusu wahudumu. Dozi zilizotajwa ni za watu wazima. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu uzingatiwe daima.

Uchunguzi uanze na damu inayomwagika, kisha njia ya hewa, upumuaji na mzunguko wa damu. Kanula mbili nene ziwekwe. Maji ya Ringer yatolewe kwa kiasi huku damu ikitafutwa. Iwapo hazijapita saa 3 tangu kujeruhiwa, na damu imevuja sana, asidi ya traneksamiki gramu 1 itolewe kwa mshipa kwa dakika 10. Maumivu yatibiwe kwa mofini au ketamini. Kumwacha mgonjwa na maumivu makali si ushupavu wa tiba.

Kiungo kilichofungwa kisifunguliwe kwa pupa. Saa ya kufunga iulizwe. Kama hazijapita saa 2, kifunguliwe polepole baada ya kanula kuwekwa, maji kuanza kuingia na vifaa vya kukandamiza kuwa tayari. Zikipita saa 2, uamuzi uwe wa daktari; na zikipita saa 6, kifunguliwe mahali penye uwezo wa upasuaji tu, kwa sababu sumu zilizojikusanya katika misuli huweza kusimamisha moyo.

Meno ya mamba hutoboa kwa kina na kupachika ndani vimelea vya kinywa chake na vya maji ya ziwa. Miongoni mwao ni bakteria aina ya Aeromonas na Pseudomonas, pamoja na wale wanaostawi pasipo hewa, ambao huleta kuoza kwa nyama kwenye gesi. Kutokana na hilo, kanuni kuu ya tiba ni fupi: jeraha la mamba au kiboko lioshwe sana, lisishonwe siku ya kwanza.

Lioshwe kwa lita kadhaa za maji ya chumvi ya hospitali au maji safi ya bomba. Nyama iliyokufa, mchanga na vipande vya meno viondolewe chini ya dawa ya usingizi. Jeraha lifunikwe kwa bandeji yenye unyevu, likaguliwe tena baada ya saa 24 hadi 48, na lifungwe kwa kushona baada ya siku 3 hadi 5 iwapo ni safi. Mshono uliopendeza macho siku ya kwanza ndio ulioufungia usaha ndani ya mkono wa kijana wa kisa chetu.

Amoksilini peke yake haitoshi, kwa kuwa Aeromonas huishinda. Mfano wa mchanganyiko unaofaa ni seftriaksoni gramu 2 kwa mshipa mara moja kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8. Siprofloksasini huongezwa panapokuwa na dalili za maambukizi makali. Usaha au tishu ipelekwe maabara kuoteshwa kila inapowezekana.

Chanjo ya pepopunda isisahauliwe. Wajawazito na watoto hufikiwa na ratiba ya kawaida ya chanjo, lakini mwanamume mzima anaweza kuwa hajachanjwa tangu utotoni. Asiye na kumbukumbu ya chanjo kamili apewe chanjo pamoja na kingamwili za pepopunda, kisha akamilishe dozi zilizobaki.

Kichaa cha mbwa hakienezwi na mamba, kwa kuwa ni ugonjwa wa wanyama wanaonyonyesha. Kiboko ni mnyama anayenyonyesha, ingawa hatari hiyo ni ndogo sana kwake. Daktari aamue kwa kila mgonjwa. Aliyeumwa na mbwa au fisi, kinyume chake, aoshwe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15 na aanzishiwe chanjo bila kuchelewa.

Majeruhi wa kiboko atazamwe kama aliyegongwa na gari. Tundu dogo kifuani au tumboni huweza kuficha pafu lililotobolewa au ini lililopasuka. Misuli iliyopondwa hutoa kemikali zinazoharibu figo. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi ni onyo, na maji ya mshipani yaongezwe huku mkojo ukipimwa kila saa.

Lini apewe rufaa

Rufaa itolewe mapema kwa kila jeraha lililofika kwenye misuli, mfupa, kiungio, kifua, tumbo au uso. Kwa kiungo kisicho na mapigo au hisia. Na kwa maumivu makali yanayoongezeka huku kiungo kikiwa kigumu kama ubao, kwani shinikizo ndani ya misuli huhitaji kupasuliwa ndani ya saa chache. Antibayotiki ya kwanza na chanjo vitolewe kabla ya gari kuondoka.

Mkazi wa Igoma huanzia Kituo cha Afya Igoma. Juu yake ziko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Sekou Toure na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. Kwa majeruhi watokao Sengerema na Buchosa, Daraja la Kigongo–Busisi lililozinduliwa Juni 2025 limeondoa kungoja kivuko katika Ghuba ya Mwanza. Kwa wakazi wa visiwani, mtumbwi ungali ndiyo gari la wagonjwa.

Jeraha lisiloonekana

Ngozi hupona kabla ya moyo. Mgonjwa huweza kuota usiku anavutwa majini, kushindwa kukaribia ufuko, kukasirika upesi au kuanza kunywa pombe kupita kiasi. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja, apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Kwa mvuvi, woga wa maji ni kupoteza kazi, na aliyekatwa mkono huuliza atalisha vipi watoto kabla hajauliza kuhusu kidonda. Mhudumu asilipuuze swali hilo. Mazoezi ya viungo, kiungo bandia na ustawi wa jamii ni sehemu ya tiba.

Katika jamii nyingi za mwambao husemwa kwamba mamba aliyemla mtu "ametumwa". Mhudumu hana haja ya kumdhihaki mwenye msiba. Anaweza kueleza kwa upole kwamba mamba huvizia mahali penye mazoea na mabaki ya samaki. Maelezo haya yana uzito, kwa sababu tuhuma ya kutuma mamba hutafuta mtu wa kulaumiwa, na katika Usukuma vikongwe wasio na hatia wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Kisima kilichochimbwa baada ya msiba huokoa wengi. Tuhuma huongeza kaburi la pili.

Taarifa na haki

Mamba na kiboko wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Mtu asiwawinde wala kuwatilia sumu kwa kulipiza kisasi. Tukio liripotiwe mara moja kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, ambaye huwasiliana na TAWA ili mnyama hatari adhibitiwe.

Kanuni zilizotungwa mwaka 2011 chini ya sheria hiyo ziliweka kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa na kwa familia ya aliyeuawa na mnyama hatari. Viwango na masharti hubadilishwa, hivyo yaulizwe ofisi ya wanyamapori ya wilaya. Maombi huhitaji taarifa ya daktari. Mhudumu aandike kwa ukamilifu: tarehe, saa, mahali, mnyama, kila jeraha na ulemavu uliobaki. Karatasi iliyoandikwa kwa haraka huweza kumnyima mjane haki yake. Hata hivyo, tiba ya dharura isisubiri karatasi yoyote, iwe ya polisi au ya wanyamapori.

Maswali ya kujipima

1. Taja makosa manne katika kisa cha kufundishia, na useme kila moja lingeepukwaje.
2. Kwa nini kamba nyembamba huweza kuongeza kuvuja kwa damu?
3. Kwa nini jeraha la mamba lisishonwe siku ya kwanza hata kama linaonekana safi?
4. Mtumbwi umekaribia viboko na mmoja amezama. Wavuvi wafanye nini?

Majibu kwa ufupi. Swali la 1: sufuria ziliosghwa alfajiri mahali pa mabaki ya samaki, zingeoshwa kambini mchana, kamba nyembamba na petroli vilitumika badala ya kukandamiza kwa kitambaa, chombo cha dharura hakikuandaliwa, jeraha lilishonwa mapema na kupewa dawa isiyotosha, bila chanjo wala rufaa. Swali la 2: huzuia damu inayorudi moyoni bila kuizuia inayotoka. Swali la 3: vimelea vimo kwenye kina, na mshono huwafungia ndani pasipo hewa. Swali la 4: wagonge ubavu wa chombo, wasikate njia ya kuelekea kina, na mapovu yakiwafuata waelekee nchi kavu.

Hitimisho

Ziwa halitaacha kuwa na mamba, wala watu wa Igoma hawataacha kulifuata kwa riziki. Kati ya mambo hayo mawili pana nafasi ya kutenda: shimo la kufukia matumbo ya samaki, ndoo yenye mti mrefu, kitambaa kipana chenye saa iliyoandikwa, na mhudumu aliyelisafisha jeraha kwa saa nzima na kuliacha wazi. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho ghali, na mkono wa kijana ungeweza kuokolewa navyo.